Naomba ushauri: kaka ana ugonjwa wa mishipa ya damu, je, arudi kwenye karasha?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kaka yangu, mwenye miaka 43, amesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Geita kwa miaka 12. Mwaka jana alianza kukohoa damu, akapimwa kifua kikuu mara tatu bila vijidudu kuonekana, na hatimaye, mkojo ulipogeuka rangi ukafanana na chai ya rangi, daktari wa figo aliagiza kipimo cha damu kiitwacho ANCA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, akatueleza kwamba kinga ya mwili wake inashambulia mishipa midogo ya damu. Sasa anatumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, amepata nafuu, na mwenye karasha anamwita kazini. Shemeji hataki kabisa. Je, vumbi lile linahusika? Na sisi wadogo zake, tunaweza kuurithi?

Muuguzi wa Figo:
Pole sana, ndugu. Vumbi la kwatzi, yale mawe magumu yenye dhahabu, lina madini yaitwayo silika, na uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaoivuta wana uwezekano wa kupata ugonjwa huu takriban mara mbili na nusu kuliko wasioivuta. Inaaminika kwamba chembe nyeupe za damu humeza punje za silika, hushindwa kuzisaga, hufa na kumwaga vilivyomo ndani yake, kisha mwili huanza kuvitengenezea kingamwili kana kwamba ni adui. Kwa mgonjwa mmoja hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba chanzo ni vumbi, lakini mimi namuunga mkono shemeji yako bila kusita, kwa kuwa silika huongeza pia hatari ya kifua kikuu, na prednisoloni hupunguza kinga ya kupambana nacho. Kuhusu kurithi, vinasaba vina mchango, ila ni nadra ndugu wawili kuugua.

Mfamasia:
Naongezea jambo moja ambalo husahaulika: mwulizeni kama aliwahi kutumia hidralazini ya shinikizo la damu au propilthiourasili ya tezi la shingo, kwani dawa hizo zinaweza kuamsha hali kama hii, na daktari anapaswa kulijua hilo. Dawa za sasa asiziache ghafla, hata akijisikia mzima.

Mchimbaji Mstaafu:
Nimekaa machimboni muda mrefu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi lile laini, ambalo hata kwa macho hulioni likielea. Kumwagia maji wakati wa kusaga husaidia sana wanaobaki kazini, lakini kwa aliyekwisha kuugua sioni sababu ya kujaribu. Mwombeni mwenye karasha ampe kazi iliyo mbali na mashine, na nguo zake za zamani zisikung'utwe ndani ya nyumba.

Mleta uzi:
Nashukuruni sana. Kaka ana shinikizo la damu tangu zamani, na vidonge vyake tulivinunua dukani. Kesho asubuhi nitachukua makopo yote niyapeleke kliniki.