Naomba ushauri: mjamzito aliyepoteza fishi zake (karatasi za matibabu)

Mama wakunga na ndugu wote, salamu kutoka Goma. Mdogo wangu, aliyekimbia vita Masisi, yumo katika mwezi wa nane wa mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, na fishi zake zote zilipotea kambi ya Bulengo ilipovunjwa Februari 2025. Leo asubuhi kwenye kituo cha afya presha yake ilikuwa 150 kwa 100, kichwa kinamuuma, na miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Tumepewa karatasi ya kwenda hospitali, lakini anaogopa kupasuliwa tena na kuzuiliwa kwa deni.

Tukimpeleka leo hii bila fishi, tumweleze daktari nini kwanza? Na je, kovu lile linamlazimu kupasuliwa tena?