SC16IS752 kwenye Raspberry Pi: draiva imepakiwa, ttySC0 haionekani

kijiti24
Wakuu, nina modyuli ya SC16IS752, ile inayotoa bandari mbili za UART (bandari za serial) kutoka basi la I2C, yaani nyaya mbili za kuunganisha chipu. Nataka kusoma mita kwa Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa), spidi 9600. Kwenye /boot/firmware/config.txt nimeweka:

`dtoverlay=sc16is752-i2c,int_pin=24`

lsmod inaonyesha sc16is7xx, ila /dev/ttySC0 haipo na dmesg haina hata mstari mmoja wa kosa. `i2cdetect -y 1` inaonyesha 4d. Waya wa IRQ (wa intarapti, chipu inapoita Pi) uko pini 24. Draiva ndiyo mbovu au?

rejista_LSR
Draiva ni nzima, mkuu. Jibu umeliandika mwenyewe: 4d. Usipotaja addr, overlei (ule mstari wa dtoverlay) inachukua 0x48, ambayo ni ya miguu ya anwani A0 na A1 yote ikiwa kwenye VDD (umeme). Yako imekwenda GND (ardhi), ndiyo maana chipu inaitikia 0x4d. Datashiti ikikuandikia 0x90 na 0x9A usishtuke, hizo zimejumlisha na biti ya kusoma/kuandika. Linux inataka biti 7 tu.

Ukimya wa dmesg nao una sababu. Chipu hii haina rejista ya utambulisho, kwa hiyo draiva hujaribu tu kusoma LSR, rejista ya hali ya laini. Isipojibiwa hurudisha -EPROBE_DEFER, yaani "nijaribu tena baadaye", na keneli inakaa inasubiri. Hakikisha:

`sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred`

Utaikuta 1-0048 humo. Ongeza `addr=0x4d`, washa upya. i2cdetect sasa ionyeshe UU, maana anwani imeshashikwa na draiva.

omu330
Kabla hujawasha: int_pin ni namba ya GPIO (jina la mguu wa prosesa), si ya pini kwenye ubao. GPIO24 iko pini 18. Pini 24 ni GPIO8. Ukiuacha waya hapo bandari zitafunguka vizuri, baiti chache zitatoka, kupokea hakuna. Kwenye /proc/interrupts hesabu ya chipu itaganda 0. Halafu mguu wa IRQ hujua kushuka tu, haujipandishi. Kama modyuli haina rezista ya kuuvuta juu, weka ya kilo-omu 1 kwenda 3.3 V.

kijiti24
Nimerekebisha vyote viwili. ttySC0 na ttySC1 zipo, intarapti zinahesabika, mita bado kimya. dmesg inasema base_baud = 921600.

rejista_LSR
Soma maandishi juu ya kristali. Hiyo 921600 ni 14745600 ÷ 16, draiva haijapima kitu, imeiamini overlei tu. Kristali ikiwa ya MHz 1.8432, kila spidi inagawanywa kwa 8: 9600 yako inatoka 1200, na mita haiwezi kuielewa. Weka `xtal=1843200`. Kikomo chako kitakuwa 115200.

omu330
Na hiyo 115200 usiitegemee kwenye I2C ya kHz 100. Bandari moja iliyojaa ni baiti 11,520 kwa sekunde. Basi lenyewe, kwa biti 9 kila baiti, halifiki 11,112, na hapo hujatoa anwani. FIFO (foleni ya muda ndani ya chipu) ya baiti 64 hujaa ndani ya milisekunde 5.6, kinachofuata kinapotea. Weka `dtparam=i2c_arm_baudrate=400000`, au hamia SPI, basi lenye kasi zaidi. Kwa 9600 hutaligusa tatizo hili.

kijiti24
Imeandikwa 1.8432. Mita inajibu sasa, bandari zote mbili.