Nimelipia pedi orijino na ufundi, pini za kalipa hazijaguswa. Breki za mbele sasa nafungua mwenyewe

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Nilipeleka Toyota IST yangu kwenye gereji moja hapa Dar, siyo ya chini ya mwembe. Ina geti, ina mapokezi, mafundi wamevaa ovaroli za rangi moja. Breki za mbele zilikuwa zimeanza kulia. Wakaniambia laki moja na themanini, pedi orijino na ufundi humo humo. Sikubishana. Wakasema mteja haruhusiwi kuingia ndani, nikakaa kwenye benchi mpaka wakamaliza. Nilipoomba nizione pedi za zamani nikajibiwa, "Bosi, tumeshatupa."

Haikuchukua muda gari ikaanza kuvutia kushoto hata sijakanyaga breki. Nikishuka nakuta rimu ya kushoto inachoma, ya kulia vuguvugu tu, na harufu ya kuungua juu. Nikafungua tairi. Pedi ya ndani imekwisha kabisa, chuma kinasaga diski. Ya nje, kwenye tairi hilo hilo, bado nene.

Anayezijua breki ameshaelewa. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, pistoni yake iko upande mmoja tu: inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili ili pedi ya nje nayo ibane diski. Pini zikikauka kalipa haitembei, pedi ya ndani inabeba mzigo wote na haiachii ukitoa mguu. Nilipozichomoa zilikuwa na kutu, grisi hakuna, mpira wa kuzuia vumbi umechanika. Na huwezi kubadilisha pedi bila kuifungua kalipa, kwa hiyo fundi aliziona. Kuzisafisha na kuzipaka grisi ya breki ni kazi ya dakika chache. Aliziona akafunga, akanirudishia gari niwapakie watoto.

Na hizo "orijino" zenyewe: pedi zote nne hazina zile bati nyembamba za mgongoni za kupunguza kelele wala kile kiulimi cha chuma kinachopiga kelele pedi ikikaribia kwisha. Nikarudi gereji nazo mkononi. Meneja akaniambia spea za siku hizi ndivyo zilivyo. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akanionyesha karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Sasa najua watakuja watu hapa kuniambia breki si za kuchezea, mpelekee fundi. Nakubali si za kuchezea, na ndiyo maana nimekasirika! Nilimpelekea anayejiita fundi, nikalipa bila kuomba punguzo, na yeye ndiye aliyezichezea. Mimi nikifungua breki zangu nitachelewa, nitachafuka, nitasoma mara tatu kabla ya kugusa nati. Lakini pini sitaziruka, kwa sababu gari ni yangu na ndani nakaa mimi.

Pedi za mbele za magari yetu haya ya kawaida mtu makini anaziweza. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, weka vizuizi tairi za nyuma, inyanyue, kisha iegemeze kwenye stendi. Usiingize mkono chini ya gari iliyosimama kwenye jeki peke yake, wala usitumie matofali badala ya stendi, yanapasuka. Boliti za kalipa nyingi ni spana namba 12 au 14. Kalipa ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa paipu yake ya mpira. Pistoni irudishe taratibu kwa klampu huku ukiangalia kopo la breki fluidi (mafuta ya breki) juu lisifurike, maana fluidi inakula rangi ya gari. Vumbi usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi mpya huwa na nyama kama milimita 10, ikifika 3 ni ya kubadilisha. Diski nayo ina unene wake wa mwisho, mara nyingi umegongwa pale pale kwenye chuma. Usikubali "tuichonge kidogo" kabla hawajaupima mbele yako.

Ukimaliza, kabla hujawasha gari kutoka, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau hilo, breki yako ya kwanza inazama hadi chini na ukuta uko mbele.

Kuna mahali nasimama, lakini. Paipu za breki, masta silinda inayosukuma fluidi, kutoa upepo, breki shuu za nyuma zenye springi zake, na gari zenye hendibreki ya umeme sizigusi. Upepo ukibaki kwenye mfumo, pedali inakuwa laini na huna breki. Fluidi yenyewe inafyonza unyevu wa hewani: DOT 3, aina ya fluidi ya kawaida, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishafyonza maji inaweza kushuka hadi 140. Mtu akaikanyaga breki mfululizo kuteremka mlima wa Kitonga, fluidi inachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, mguu unazama. Kazi hiyo bado inahitaji gereji, na kinachoniuma ni kwamba sina ninayoiamini.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, wadau: nunua spea mwenyewe kwenye duka ulilolichagua, siyo duka analokupeleka fundi mwenye cha juu chake. Simama pembeni kazi ikifanyika. Pedi za zamani ziondoke na wewe. Dai risiti ya EFD, bila hiyo huna cha kushika ukienda kulalamika. Gereji ikikataa mojawapo ya haya, geuza gari.

Naomba msaada wenu: nani anaijua gereji Dar, hasa upande wa Ubungo au Kimara, inayomruhusu mteja kusimama na fundi wake mwanzo mpaka mwisho? Nahitaji kubadilisha fluidi yote na kuangaliwa za nyuma kabla sijasafiri kwenda Mbeya.