Kibali cha kukarabati nyumba ya mawe Lamu: tupeane uzoefu

Mwenye mada: Asalaam aleikum. Wenye nyumba za mji wa kale, mafundi na wachora ramani, ni nini hasa kinachokwamisha maombi? Nyumba zinaanguka zikingoja karatasi.

Mchora ramani, Mkomani: Waaleikum salaam. Faili nyingi hukwama kwa kuwa ramani inaonyesha nyumba inayotakiwa, si iliyopo. Kabla ya kugusa ukuta, piga picha kila chumba: zidaka (vishubaka vya ukutani), milango, dari ya boriti, daka la mbele (kibaraza cha mlangoni). Kisha chora seti mbili, ilivyo na itakavyokuwa, na panapobadilika pawe na rangi yake. Rasimu ianzie kwa maafisa wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa, kabla hujalipa ada ya kaunti. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, kwa hiyo muhuri wa kaunti peke yake hautoshi.

Fundi chokaa: Vifaa viandikwe kwa majina. Ukiandika "plasta" tu, utaulizwa plasta gani. Ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa simiti, unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe humong'onyoka nyuma ya plasta ngumu huku kwa nje ukuta unang'aa. Andika chokaa 1 kwa mchanga 3 usio na chumvi, tabaka nyembamba, zikinyunyiziwa maji zisikauke haraka. Boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti. Slabu ya zege ni mzigo ambao kuta hizi hazikujengwa kuubeba, na nondo zake huliwa na kutu ya bahari. Hata tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Ramani ionyeshe limekalia ukuta upi.

Karani wa ardhi, Langoni: Msisahau mirathi. Hati ikiwa ingali na jina la marehemu, warithi wote watie saini kwanza. Wikio, chumba kinachopita juu ya njia, linashika nyumba mbili, basi idhini ya jirani iwe ya maandishi. Dirisha jipya lisitazame kiwanda (ua wa ndani) cha jirani. Pingamizi hilo ni la haki kabisa, stara ya watu haichezewi.

Mwenye mada: Shukran. Na kuongeza paa la makuti juu ya nyumba?

Mchora ramani, Mkomani: Omba waziwazi, na uchore urefu wa nyumba za pande zote mbili. Onyesha pia umbali hadi paa la makuti lililo karibu, maana utaulizwa habari ya moto.