Pakiti ya Ijumaa

Kikundi: Ukoo wa Tanga na Walioko Nje

Mjomba Minneapolis: [picha]

Mjomba Minneapolis: Asalaam aleikum nyote. Haya angalieni Sele kaniletea nini leo, boksi zima la Topps la 1987, pakiti 36 hakuna hata moja iliyoguswa, nimeliweka mezani toka asubuhi naliangalia tu

Zuu: Waaleikum salaam mjomba, shikamoo. Hizo ni karata?

Mjomba Minneapolis: Marahaba mama. Siyo karata za kuchezea, ni kadi za wachezaji wa besiboli, mbele picha ya mtu nyuma hesabu zake zote mwaka kwa mwaka kapiga ngapi kakosa ngapi. Enzi hizo hata kituo cha mafuta unazikuta pale kwa keshia karibu na pipi, senti 40 unapata kadi 17 na bablishi moja humohumo ndani

Mama Zuu: Kaka ndo zile za kwenye barua? Si ulimtumia baba moja, ya yule mweusi mfupi mfupi

Mjomba Minneapolis: Ndo hizohizo dada!! Kirby Puckett. Kumbe unakumbuka

Mama Zuu: Ntasahauje. Baba aliigandisha kwenye mlango wa kabati la vyombo, kila mgeni akija anauliza huyu kijana ni nani, anajibu huyo rafiki yake mwanangu wa Marekani

Mjomba Minneapolis: Allah amrehemu mzee. Hilo nlikuwa silijui

Dula: Shkamoo mjomba. Mi nilisoma kadi ya besiboli iliuzwa dola milioni 12 na kitu, sasa boksi zima hilo si tunajenga msikiti na ghorofa juu 😮

Sele: Dula hiyo ni kadi ya mchezaji Mickey Mantle, ya Topps ya 1952 bwana, iliuzwa mwaka 2022 kwa milioni 12.6. Hili letu ukilipata kwa bei nzuri ni hela ya kawaida kabisa, kwenda kula na familia

Dula: Sa tofauti nini wakati zote kampuni moja

Mjomba Minneapolis: Tofauti mwanangu ni kwamba za 1952 hazikutunzwa. Watoto walizifunga kwenye baiskeli zilie kwenye spoksi, wakienda jeshini mama zao wanasafisha chumba zinaenda na taka. Na zile namba za mwisho za mwaka huo, ikiwemo ya Mantle, zilitoka msimu umeshaenda zikadoda, mwenyewe Sy Berger wa Topps aliyezibuni alisimulia kwamba 1960 walipakia maboksi kwenye tishari wakaenda kuyamwaga Atlantiki. Sasa watu waliposikia kadi za zamani zina hela, kuanzia miaka ya 80 hivi kila mtu akawa anatunza na kampuni nazo zinachapa usiku na mchana, kwa hiyo za 1987 zimejaa kila stoo ya Marekani. Mi hilo halinipi shida, ndo maana leo naweza kununuliwa boksi na nikalifungua bila kutetemeka

Zuu: Kwahiyo mjomba utamu wake uko wapi kama hela hamna

Mjomba Minneapolis: Zuu ngoja nikae vizuri nikuandikie

Mjomba Minneapolis: Tulifika huku 85 mimi na mama Sele na Sele mwenyewe mdogo. Nasoma mchana usiku nasafisha maofisi. Mshahara Ijumaa. Sasa Ijumaa nikitoka napitia dukani nachukua maziwa, mkate na pakiti moja, moja tu, ndo tuliyokuwa tunaimudu. Nikifika Sele keshaamka kakaa kwenye ngazi. Haifunguliwi hadi mama yake aje akae. Ile karatasi ina nta, nyuma wameikunja wameibana kwa moto, unaingiza kucha taratibu pale kwenye mkunjo, inatoa kamlio kadogo hivi kama unabandua kitu kilichokauka, halafu harufu inatoka yote kwa mpigo, sukari na karatasi mpya na ule unga mweupe wa bablishi. Mpaka leo nikisikia harufu inayofanana nageuka kutafuta mtu

Mjomba Minneapolis: Bablishi yenyewe ni kibamba cha pinki kigumu kama kigae, mama Sele anaivunja vipande vitatu, kila mtu chake. Inaisha utamu kabla hujafika kadi ya tano lakini hakuna anayeitema

Sele: Na kadi iliyolala na bablishi ilikuwa inapata doa. Mi nilikuwa naijua kwa kuinusa tu

Mama Zuu: Wifi yangu jamani. Mungu ampe kauli thabiti

Zuu: Amin

Dula: Amin

Sele: Amin. Halafu baba anazishika zote mkononi anaweka moja moja mezani, mi kazi yangu kusema. Ipo. Ipo. Ipo. SINA! Ukisema sina nyumba nzima inashangilia. Seti ya mwaka ule ni kadi 792, zina ukingo wa rangi ya mbao pande zote ukizipanga sakafuni utasema umetandika mlango, hatukuwahi kuzikamilisha lakini nilikuwa na boksi mbili za viatu

Mjomba Minneapolis: Mama Sele Kiingereza chake cha kwanza alikipatia mgongoni mwa kadi. Alikuwa anasoma mji aliozaliwa mchezaji, California, Alabama, Puerto Rico, kisha ananiuliza huko ni mbali na hapa? Mi nakwambia tuliijua nchi hii kwa pakiti za Ijumaa kuliko kwa darasa

Zuu: Mjomba umeniliza niko ofisini

Dula: Na huyo Puckett kwanini yeye ndo akaletwa Tanga

Mjomba Minneapolis: Kwa sababu ndo alikuwa wetu. Twins timu ya hapa Minnesota, mwaka huohuo 1987 waliingia fainali na St. Louis Cardinals mechi 7 na kila mechi alishinda mwenyeji, nne zilikuwa hapa ndani ya uwanja wetu wa Metrodome. Watu wote wanapunga vitambaa vyeupe, uwanja mzima, mama Sele akaona kwenye TV akasema kumbe na hawa wana leso! Mechi ya mwisho nilikuwa kazini napiga deki na redio kwenye ndoo, walipochukua ubingwa nikakaa chini palepale. Puckett mfupi, kifua kipana, kakulia kwenye maghorofa ya maskini Chicago, anacheka muda wote. Mi nilimpenda kama ndugu. Kafariki 2006 hajafika hata miaka 46

Zuu: Na maboksi ya viatu je, Sele unayo?

Sele: Hapana. Jengo tulilokuwa tumepanga bomba lilipasuka chini kwenye stoo, tumekuja kujua baada ya siku tatu. Kadi zilikuwa zimeshikana kama matofali. Nilikuwa na miaka 12 nilijaribu kuzibandua kwa kisu cha siagi, picha zinabaki kwenye mgongo wa nyingine

Mjomba Minneapolis: Alilia huyu siku hiyo. Na mimi pia. Tulinunua nunua tena kidogo lakini mambo yalishabadilika, kampuni nyingine, Upper Deck, walikuja 89 na pakiti za karatasi ya kung'aa ukifungua inachanika tu kama ya biskuti, halafu 92 Topps wakaitoa bablishi kabisa watu wasilalamike madoa. Kadi zikawa nzuri zaidi, nyeupe, zinameremeta. Ijumaa yangu ikawa imeondoka

Mama Zuu: Kaka subiri. Msifungue

Dula: Mama mkubwa vipi tena

Mama Zuu: Nawaambia msifungue naenda chumba cha nyuma

Zuu: Mama kabati la babu bado lipo?? Si mlisema limeliwa na mchwa

Sele: Haya baba tungoje

Mjomba Minneapolis: Tunangoja

Mama Zuu: [picha]

Mama Zuu: Miguu ndo imeliwa, mlango uko mzima. Kadi imefifia na pembe moja imeondoka, baba aliipaka gundi nyingi haibanduki hata kidogo, lakini huyo hapo

Dula: Daaah!!

Zuu: Anacheka kweli 😭

Sele: Baba kaweka miwani pembeni kaenda kunawa uso. Mnipe dakika

Mjomba Minneapolis: Dada usiibandue. Iache hapohapo na mlango wake

Mama Zuu: Nani aibandue. Nshaupeleka chumbani kwangu

Mjomba Minneapolis: Bismillah. Sele anafungua nta mi nataja

Sele: Bablishi imekuwa unga baba ukiigusa tu inamomonyoka. Ila harufu ipo!! Hafifu mno lakini ipo wallahi

Mjomba Minneapolis: Ya kwanza mrushaji wa Houston

Sele: Sina

Mjomba Minneapolis: Ya pili ile ya orodha ya kadi, ya kuweka tiki ulizonazo

Sele: Sina. Zamani hii nilikuwa naigawa bure

Mjomba Minneapolis: Kent Hrbek!! Twins. Mtoto wa hapahapa Minneapolis huyu, mechi ya sita ya fainali ile aliupiga mpira hadi kwa mashabiki wenzie watatu wako kwenye vituo, wakaingia wote wanne, pointi nne kwa mpigo

Sele: Sina 🙌🏾

Dula: Sasa kila kitu sina, si mtashangilia mpaka kesho

Sele: Ndo raha yenyewe Dula, nimerudi kuwa na miaka saba

Mjomba Minneapolis: Zimeisha 17. Puckett hayumo

Mama Zuu: Huyo yupo, yupo Tanga

Sele: Ipo!

Zuu: Mjomba fungua nyingine basi

Mjomba Minneapolis: Hapana mama. Zimebaki 35. Ijumaa ijayo, baada ya swala, na safari hii Zuu wewe ndo utasema sina