Tupeane uzoefu: mnapendana kweli, ila akili inakataa. Uliamuaje kuhusu ndoa?

Wadau, naanza mimi.

Barua ya posa ilishajibiwa, mshenga alishaleta nusu ya mahari, na kanisani tumetangazwa Jumapili moja. Kwenye mafundisho ya ndoa tukashauriwa kupima, si VVU tu, na sikoseli pia. Majibu: mimi AS, yeye AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha sikoseli bila kuugua. Wote wazima, hatujawahi kulazwa. Daktari akachora viboksi vinne nyuma ya karatasi, kimoja akakijaza wino. "Hiki ndicho SS, mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Na msidhani ni lazima mfike mtoto wa nne. Kila mimba ina robo yake, inaanza upya."

Kwenye daladala ya kurudi Mbagala alinishika mkono njia nzima, hatukuongea. Siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote. Lakini nimekua nyumba moja na binamu mwenye sikoseli, nakijua kilio chake usiku mifupa inapomuuma. Nikasema hapana, mahari ikarudishwa. Miaka 3 sasa, na bado sijui kama niliamua kwa akili au kwa woga. Nyie mliamuaje?

Baba Wawili: Pole sana dada. Sisi tulikuwa kama nyie, tukaoana. Wa kwanza AA, hana kinasaba hicho kabisa, wa pili SS. Kila asubuhi foliki asidi, chupa ya maji haimtoki mkononi, na sweta hata watu wakimshangaa. Homa ikipanda hatusubiri kukuche. Nikimwangalia anavyohangaika na hesabu zake za darasa la nne, siwezi kusema nilikosea kumuoa mama yake. Ila nisikudanganye, tuliamua kwa moyo mtupu, hata bima hatukuwaza. Mliopima na bado mnataka kuoana, kaeni kwanza muulizane: nani atalala hospitali, na nani atabaki na huyu mwingine?

Bi Tanga: Yangu ni kinyume. Kila kitu kilikuwa sawa: kazi anayo, dini moja, ukoo unajulikana, nami nina miaka 33. Moyo tu ndio ulikuwa baridi, nikaambiwa mapenzi huja humo humo ndani. Nikaswali istikhara, lakini jibu nilishampa mama kabla. Miaka 6 hakunipiga wala hakuninyima kitu. Ila nikisikia funguo mlangoni nilikuwa najifanya nimelala. Tuliachana kwa wema, na naamini yeye pia alistahili mtu wa kumfungulia mlango.

Mleta mada: Asante Bi Tanga, hilo la funguo limenigusa. Baba Wawili, hilo swali lako la hospitali mimi na mwenzangu hatukuwahi kuulizana. Daktari alipomaliza kuchora, kila mtu akabeba hesabu yake kichwani. Mtoto anaendeleaje na baridi hii?

Baba Wawili: Mwezi huu hajalazwa. Sasa hivi yuko uani, na sweta lake.