Mrejesho: laptop iliyokuwa haiwaki wala haichaji

Wakuu, narudi na majibu ya ile laptop ya chaja ya volti 19.5: haiwaki, haichaji, na taa ya chaja inazimika ukichomeka tu. Si chaja wala betri. Ni shoti (umeme kupita njia ya mkato) kwenye madabodi, yaani bodi kuu.

Waliosema chaja ipimwe kwanza walilenga. Ikiwa peke yake mita inasoma 19.5, ikichomekwa inashuka karibu na sifuri, maana chaja inajilinda kwa kukata umeme. Kwa hiyo ule ushauri wa kuchomoa betri na kushikilia kitufe cha pawa sekunde 30, ambao kila laptop iliyozima hupewa, hapa usingefua dafu.

Betri ikiwa imechomolewa, kati ya laini kuu ya volti 19 (njia ya umeme wa chaja kwenye bodi) na grauni (upande hasi) mita ilisoma chini ya ohm 1, dalili ya shoti. Fundi akaingiza volti 1 tu kutoka pawa saplai ya mezani, ampea zikiwekewa kikomo, huku bodi imepakwa alkoholi ya isopropili. Penye shoti hupata joto, hivyo inapokauka kwanza ndipo penyewe: kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) ndogo ya kauri, maikrofaradi 10, volti 25. Msiingize volti 19 hapo. Kama kilichokufa ni mosfeti (swichi ndogo ya umeme kwenye bodi), umeme unaweza kupenya hadi kwenye prosesa.

Imefungwa nyingine ya kiwango kilekile. Ya volti 16 haifai kwenye laini hiyo hata kama inaingia. Sasa inawaka na inachaji. Tundu la chaja lilikuwa zima, halikuguswa.